Ramani Mpya Mezani

Jumapili ile mvua ilianza kabla ya adhuhuri, na kufika saa saba Gumilar alikuwa ameshatoka mara nne kutazama mfereji wa bati ambao haukuwa na tatizo lolote. Mkewe, Nining, alikuwa jikoni akikaanga mihogo. Kila mlango ulipolia aliguna, na safari ya nne uzalendo ukamshinda, akamwita Kang, yaani kaka, kama wanaume wanavyoitwa huko kwa heshima.

"Kang, huo mfereji umekukosea nini? Kaa chini. Mgeni akikukuta hapo nje atadhani tumeajiri mlinzi."

"Naangalia tu."

"Basi njoo uangalie vitunguu."

Akaja, akakaa kwenye kigoda, akaanza kumenya. Macho yake yalikuwa mekundu tangu alfajiri. Sasa walau yalipata kisingizio.

Kwa siku kumi na tisa Gumilar alikuwa anatembea na barua kichwani. Aliiandika mwenyewe, yeye karani wa ofisi ya shamba la chai, na akairudia mara tatu kwa sababu meneja hakupenda neno "kuondolewa", alitaka "kuhamishwa". Barua ingesomwa Jumatatu asubuhi kwenye banda la mizani, mbele ya wachumaji wote. Nyumba kumi na mbili za laini ya chini, safu ya nyumba za wachumaji, zingevunjwa, pajengwe nyumba za wageni wa mjini wanaokuja kupiga picha ukungu, na wakazi wawe wameshatoka ifikapo mwisho wa mwezi. Nyumba ya tatu kati ya hizo ilikuwa ya Emak Icoh, mama mzazi wa Nining, aliyeingia humo bibi harusi na kuchuma chai miaka thelathini na minne.

Meneja alimshika Gumilar bega siku ile, akamwambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba habari ikivuja kabla ya Jumatatu itajulikana imevujia wapi, na kwamba nyumba anayokaa yeye Gumilar nayo ni nyumba ya kazi. Basi akanyamaza. Alikula na mkwewe, akacheka naye, akanyamaza. Simtetei. Lakini nawajua watu ambao wangenyamaza hivyohivyo na wakakoroma usiku kucha, na huyu usingizi ulimkimbia.

Aliyewaita watu siku hiyo alikuwa yeye mwenyewe. Alitaka kucheza. Tangu shuleni, kichwa chake kilitulia pale tu alipokuwa mbele ya ubao na kete, akifikiria zamu yake.

Hilman alifika kwa pikipiki kutoka Bandung. Mwenyewe alikuwa amelowa mpaka soksi, lakini boksi alilolibeba kifuani lilikuwa limefungwa mifuko mitatu ya plastiki na halikuguswa na tone. Alikuwa rafiki wa Gumilar wa siku nyingi, mtu aliyecheza michezo ya mezani mia kadhaa, na kwa miaka miwili alikuwa akitunga wa kwake, mchezo wa shamba la chai. Wiki iliyofuata angeupeleka kwa wachapaji. Kabla ya hapo alitaka meza yenye watu wa kila namna: yeye bingwa, Gumilar na Nining wanaojuajua, na wawili wasiojua kitu. Hao wawili walikuwa Emak Icoh na jirani Mang Odang, Mang yaani mjomba kwa heshima, dereva wa lori la majani, waliofika dakika chache nyuma yake.

"Mchezo anaouelewa bingwa peke yake ni mtihani," Hilman alisema, akijifuta kichwa kwa taulo la Nining. "Nataka nimwone mtu anakosea. Akikosea, kosa ni langu."

"Basi leo utakuwa na makosa mengi," akajibu Mang Odang. "Mimi hata bao la kokoto nilikuwa nafungwa na dada zangu."

Wakakaa mkekani kuzunguka meza fupi. Hilman akaukunjua ubao taratibu, akiushika kwa ncha za vidole. Ulikuwa mzuri, hata asiyejua angekubali. Vilima vilichorwa na mistari ya chai, mto ukapita katikati, pakawa na daraja, tangi la maji na banda la mizani lenye paa lililopinda upande mmoja, kama lilivyopinda kweli.

"Mimi sipendi uongo," Hilman akaeleza. "Michezo mingi ina picha ya chai juu ya boksi, ndani ni hesabu tupu. Huu ni shamba hili hili. Nilimsumbua Kang Gumilar miezi minne anipe ramani, juzi juzi ndiyo kanitumia. Nikachora upya kila kitu."

Gumilar akauinamia ubao. Alikuwa ameituma ramani ile ofisini, kwa haraka, kati ya simu mbili, ile ya kwanza iliyokuwa wazi kwenye kompyuta. Iliyokuwa wazi siku zile ilikuwa moja tu, ile iliyokuja na barua. Kati ya tangi na banda la mizani, mahali pa laini ya chini, palichorwa vijumba vyenye paa jekundu na vibaraza, vizuri sana.

Akachukua bakuli la mihogo, akaliweka juu ya vijumba hivyo.

"Toa! Toa!" Hilman akaruka. "Mafuta, Kang! Umelewa? Wewe ndiye uliyenifundisha chakula hakikai mezani."

"Nimesahau."

"Bakuli huku, kila mtu afute mikono."

Nining akamtupia mumewe jicho, akachukua bakuli na kuliweka nyuma yake. Gumilar akachukua fungu la kadi za mvua na kuliweka palepale. Hilman alitaka kusema kadi zina mahali pake, lakini hakutaka kuonekana mkorofi mara mbili kwa dakika moja, akaacha.

Maelezo yakaanza. Hilman alieleza vizuri, polepole, akiwatazama zaidi wale wawili wageni.

"Kila mmoja wetu ana shamba."

"Sisi ndio wenye shamba?" Mang Odang akauliza.

"Ndiyo, Mang."

"Alhamdulillahi! Nimengoja miaka hamsini na mbili."

"Usisahau kutulipa," akasema Emak.

"Kila mmoja ana wachumaji sita, hawa wa mbao. Zamu yako ikifika unampeleka mmoja kilimani, anachuma, unayashusha majani mizani kabla sijafunua kadi ya mvua. Mvua ikikukuta juu, majani yamepotea."

"Hayapotei," Emak akasema. "Yanapimwa, halafu karani anakukata kilo mbili za maji hata kama ni nusu kilo. Muulize mkwe wangu."

Mang Odang akacheka mpaka akapaliwa. Hilman akatoa daftari, akaandika. Gumilar akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akainamia kikombe chake cha bandrek, kinywaji moto cha tangawizi, pale mkekani.

"Na huyu," Emak akaendelea, akimgeuza mchumaji wa mbao kati ya vidole vyake vilivyopasuka, "amechuma kichaka hiki. Zamu ijayo anachuma kichaka kilekile?"

"Akitaka, ndiyo."

"Majani ameyaotesha nani? Kichaka kinapumzika siku kumi, kumi na mbili. Huyu wako anachuma vijiti."

"Emak," Hilman akasema huku kalamu ikikimbia, "miaka miwili nimecheza na mabingwa, hakuna aliyeniambia hilo."

"Mabingwa wa nini?"

Hapo hata Gumilar akacheka kweli, na kwa muda mfupi akasahau. Hilman akamalizia sheria ya mwisho: msimu ukiisha, kila mchumaji lazima awe na nyumba ya kulala, na asiye na nyumba anarudishwa boksini.

Wakacheza. Mang Odang aliwapeleka wachumaji wote sita kilimani kwa pupa, mvua ikafunuliwa, akapoteza kila kitu, akalaani mawingu ya karatasi. Nining alicheza kimya, kwa akili, akamwacha Hilman nyuma kwa magunia matatu. Emak alichukua muda. Kila zamu aliupitisha mkono juu ya ubao kwanza kabla ya kuweka kete, akifuata njia aliyoizoea, akisema kwa sauti ndogo hapa mteremko, hapa pana utelezi. Kusoma alijua kidogo tu, jina lake na namba za mizani. Shamba alilijua lote.

Gumilar akacheza vibaya kuliko wageni. Mara mbili aliruka zamu yake mwenyewe.

"Kang, upo?" Nining akamwuliza.

"Nipo."

"Hupo."

Msimu wa kwanza ukaisha. Hilman akasema sasa tuwalaze watu. Kila mmoja akaanza kutafuta nyumba za wachumaji wake. Emak aliwalaza wanne kwenye laini ya juu, wakabaki wawili. Akamshika mmoja, akashuka naye kando ya mto, akapita daraja, akapita tangi la maji, akasimama.

"Kadi zako zimekalia nyumba yangu," akamwambia Hilman.

"Emak, laini ya juu bado ina nafasi," Gumilar akadakia haraka. "Weka pale, pana alama nzuri."

"Usimchezee!" Hilman akamkemea. "Sheria ya meza: mgeni anaamua mwenyewe."

Akalinyanyua fungu la kadi. Emak akainama. Akavitazama vile vijumba vya paa jekundu kwa muda, akavigusa kimoja kimoja kwa kidole.

"Hivi vya nani?"

"Vya wageni, Emak. Vimefungwa kwanza, vinafunguka msimu wa tatu. Vina faida, ukimpeleka mchumaji kuhudumia mgeni unapata alama tano."

"Na sisi tuko wapi?"

Hilman akaangalia ubao wake. "Laini ya chini? Hapa haimo."

"Utakuwa umeisahau."

Neno hilo lilimchoma. Mtu aliyekesha wiki mbili akichora huwezi kumwambia amesahau nyumba kumi na mbili. "Sijasahau, Emak. Nimefuata ramani mstari kwa mstari, mpaka banda la mizani nimelipindisha."

"Basi amekupa ya zamani," Mang Odang akasuluhisha. "Ya enzi za Mholanzi, kabla hawajajenga laini."

"Ya zamani wapi, Mang! Ina tarehe ya mwezi uliopita, imeandikwa juu kabisa mpango wa..."

Hapo Hilman akajisikia mwenyewe. Akafunga mdomo, akamtazama Gumilar, na uso wake ukaonyesha kwamba angetoa chochote mvua impige tena barabarani.

Nining akaziweka kadi zake chini, kifudifudi.

"Kang."

Gumilar akaokota kete zake mbili, akazipanga upya.

"Kang Gumilar. Nakuuliza mbele ya mama yangu."

"Kesho," akasema. "Itasomwa kesho mizani."

Kisha yote yakamtoka, bila mpangilio: nyumba kumi na mbili, mwisho wa mwezi, wageni wa ukungu, meneja na mkono wake begani. Mang Odang alisikiliza mdomo wazi.

"Yale mawe niliyoshusha darajani wiki iliyopita," akasema, "waliniambia ni ya kukarabati barabara."

"Ni ya msingi."

"Nimebeba mimi mwenyewe! Safari sita!" Akavua kofia yake, akaikunja, akaivaa tena.

"Umejua lini?" Nining akauliza.

"Leo siku ya kumi na tisa."

"Siku kumi na tisa unakaa hapa unakula mbele yangu."

"Ningesema, tungetoka na sisi. Nyumba hii si yetu, Nining. Nilipiga hesabu. Ile ikienda, hii ibaki, Emak aje akae hapa. Tukizipoteza zote mbili tutamweka wapi?"

"Umepiga hesabu," Nining akarudia. Sauti yake ilitetemeka kwa hasira, na kibaya zaidi, alijua hesabu yenyewe haikuwa ya kijinga.

Emak bado alikuwa amemshika mchumaji wa mbao. "Na kumi na moja nyingine?" akauliza.

"Emak?"

"Mimi nakuja kukaa hapa. Nyumba zinazobaki ni kumi na moja. Bi Onih na mguu wake, umempigia hesabu gani?"

Gumilar akasukuma kadi zake pembeni.

"Alhamisi ulipanda juu ya paa langu," Emak akasema. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Nilipokea zamu yangu ya upatu, nikanunua bati mbili. Ulizipigilia wewe. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikakuuliza zitadumu miaka mingapi."

"Emak, tafadhali."

"Ukasema kumi."

Gumilar akauficha uso kwa mikono miwili. Aibu ile ilikuwa kubwa kuliko woga aliobeba siku zote kumi na tisa, na hakuwa na mahali pa kuiweka. Hilman, kwa kukosa la kufanya, akaanza kuokota kete na kuzirudisha boksini moja moja bila kuzigonga. Alipofika kwenye ubao, Emak akaweka kiganja juu yake.

"Huu nauchukua."

"Emak, ninao huu mmoja tu. Wiki ijayo wachapaji..." Akamtazama yule mama, akajionea haya. Akaukunja, akaanza kuuvisha mifuko ya plastiki.

"Wakiswali alasiri watakuwa wote msikitini pale laini," Emak akasema, akisimama kwa kushika goti. "Kesho watasikia habari hii wamesimama, vikapu mgongoni, meneja anawatazama. Nani atafungua mdomo? Wakijua leo, wana usiku mzima wa kukubaliana neno moja." Akamgeukia mkwewe. "Mimi siwezi kuieleza ramani. Aliyeiandika barua ni wewe. Sikulazimishi."

Akatoka na Hilman, ubao katikati yao. Mang Odang akawafuata, akaahidi kwamba lori lake kesho litakuwa na ubovu ambao fundi yeyote hataugundua.

Gumilar na mkewe wakabaki na kete zilizosalia mkekani. Alimngoja aseme neno, hata tusi. Nining alikuwa anakusanya vikombe. Aliviosha vyote vitano, akavipanga, akafuta mikono, na bado hakumtazama. Gumilar akaenda chumbani, akarudi sebuleni, akaenda tena chumbani. Mwishowe akavaa koti lake la ofisini, akalivua, akavaa la mvua, akatoka.

Msikiti wa laini ni chumba kimoja chenye mikeka, na alasiri ile ulijaa, wanaume mbele, wanawake nyuma karibu na mlango. Ubao ulikuwa umeshakunjuliwa sakafuni. Watu walikuwa wanauzunguka bila kuelewa kwa nini wameitwa kutazama mchezo wa watoto, na wawili watatu walikuwa wameanza kutaniana kuhusu uzee wa Emak Icoh. Gumilar alipoingia wakampisha, kwa sababu alikuwa karani.

Akaanza vibaya. Alianza na meneja, akarukia tarehe, akataja mpango, akarudi kwa meneja. Nyuso zilimtazama tu. Mtu mmoja akauliza kama mishahara imepanda.

Hilman, aliyechutama kando yake, akamnong'oneza, "Anza na mto, Kang. Hawajawahi kuuona ubao huu."

Gumilar akapiga magoti. Akaweka kidole.

"Huu ni mto wetu. Hili daraja. Hili tangi la maji, hili banda la mizani." Akaona vichwa vinaanza kukubali, vinainama karibu. "Hapa katikati ndipo tulipo sasa hivi, sisi wote humu ndani. Tazameni kilichochorwa."

Wakatazama. Aliyeelewa wa kwanza alikuwa mwanamke mmoja nyuma, aliyesema jina la Mungu kwa sauti kavu, kisha likapita safu kwa safu. Gumilar akaisoma barua yote kwa kichwa, na nukta zake, maana aliijua kuliko sala. Hakuruka neno. Wala hakuficha kwamba aliijua kwa siku kumi na tisa.

Abah Sarkim, mzee wa laini na mchache wa maneno, aliupitia ubao kwa kidole, nyumba kwa nyumba. Kisha akamnyooshea Gumilar kidevu.

"Nyumba yako wewe imo?"

Gumilar angeweza kueleza. Angeweza kusema juu ya mkono begani, juu ya nyumba ya kazi, juu ya usingizi.

"Haimo, Abah."

Mnong'ono ukapita. Kijana mmoja akacheka kicheko kibaya, akasema ndiyo maana alipata siku kumi na tisa za kufikiri. Gumilar hakunyanyua kichwa.

"Kuanzia leo imo, wakiwatoa ninyi watutoe na sisi," ikasema sauti mlangoni.

Nining alikuwa amesimama kizingitini, amelowa, bila mwavuli. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi. Alimtazama mumewe mara moja, mara ya kwanza tangu pale mezani, na hasira ilikuwa bado ipo usoni pake, yote. Kisha akavua viatu, akaingia, na Emak Icoh akasogea mkekani kumpa nafasi.